Mikono Mingi, Macho Machache

Msikilizaji, tuanze na jambo dogo. Tuseme wahadhiri wa kilimo katika chuo kikuu kimoja hapa kwetu wamechoshwa na yuniti moja ya mwaka wa 3. Imepitwa na wakati, wanafunzi huifaulu kwa kukariri mitihani ya miaka iliyopita, na wahadhiri wangependa kuiondoa ili mahali pake waweke yuniti ya magonjwa ya ngano yaenezwayo na upepo. Ni yuniti moja tu katika kozi ya miaka 4. Mhadhiri mmoja ataandika pendekezo. Kikao cha idara kitalisoma, kitalirudisha, kitalisoma tena. Litapanda kwa kamati ya mtaala ya kitivo, kisha bodi ya kitivo, kisha ofisi ya uhakiki wa ubora, ambayo italilinganisha na kiolezo cha chuo. Wadau wataitwa kwenye warsha, wapewe kabrasha saa 3 asubuhi na kuombwa maoni kabla ya chakula cha mchana. Kamati ya wakuu wa vitivo itaketi, na hatimaye seneti. Na kwa kuwa hakuna anayetaka kuisumbua seneti kwa yuniti moja, mara nyingi pendekezo hilo litawekwa kando lisubiri mapitio kamili ya kozi, ambayo kwa desturi ya vyuo vyetu huja kila baada ya miaka 5 hivi. Litakaa kama abiria wa kwanza kwenye matatu ya Molo: kiti cha dirishani amekipata, lakini gari haling'oki mpaka lijae. Likishajaa, kozi nzima itapelekwa Nairobi kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, italipiwa ada, na tume itatafuta wasomi wa fani hiyo kutoka vyuo vingine waipitie upya.

Lalamiko linalosikika sana ni kwamba safari hiyo ni ndefu mno. Wenye viwanda hulisema, wanasiasa hulisema, na wahadhiri wenyewe hulisema wakiwa wamebeba kabrasha kwapani. Mimi naona lalamiko hilo limelenga pembeni. Mtaala hushika maisha ya vijana kwa miaka, na sioni hasara yoyote ukisomwa na watu wa ngazi nane. Hasara ni kwamba wa ngazi zote nane wanasoma kitu kile kile. Kila mmoja anauliza kama karatasi imekamilika: malengo yameandikwa kwa vitenzi vinavyokubalika, saa zimejumlishwa sawa, vitabu vya rejea vimetajwa, idadi ya yuniti imetimia. Hakuna ngazi hata moja ambayo kazi yake ni kuuliza vijana waliosoma mtaala uliotangulia walitoka wakijua nini. Wahenga walisema mikono mingi kazi haba. Kwa mitaala ya vyuo vyetu mikono tunayo ya kutosha, macho ndiyo haba.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo, na wilaya yetu ya zamani ya Nakuru ni mahali pazuri pa kuona yalivyobadilika. Egerton ilianza pale Njoro mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya Lord Maurice Egerton, ikiwafunza vijana wa walowezi. Mwaka 1950 ikawa chuo cha kilimo, mwaka 1986 ikafanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 Bunge likaipa sheria yake na kuifanya chuo kikuu kamili. Tangu hapo, kwa robo karne, seneti ya Egerton ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho juu ya kinachofundishwa Njoro. Seneti ikisema ndiyo, kozi imeanza. Sasa toka Njoro, uingie mjini Nakuru, ushike barabara ya Eldama Ravine hadi Kabarak. Chuo Kikuu cha Kabarak, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya Rais Daniel arap Moi, kilikuwa cha kibinafsi, na kwa hiyo kililazimika kupita kwa Tume ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1985, hata kikapata hati yake mwaka 2008. Vyuo viwili, saa moja ya mwendo wa gari kati yao, kimoja kikijithibitishia kozi zake chenyewe na kingine kikipeleka zake kwa mlango wa serikali. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ndiyo iliyoviweka vyote kwenye foleni moja, chini ya tume mpya, hii Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya leo.

Nauweka mkazo kwenye robo karne ile kwa sababu kuna wanaoamini kwamba dawa ni kuirudisha. Waachieni seneti, wanasema, wasomi wanajijua. Lakini tuitazame seneti hiyo ilivyofanya kazi ikiwa peke yake. Egerton ilizaa kampasi Laikipia, Kisii na Chuka, na kila moja ikaja kuwa chuo kikuu chenye hati mwaka 2013. Huo ni uzazi wa kusifiwa. Lakini chuo kinapozaa kampasi, mtaala huhama pamoja na muhuri, na kozi iliyotungwa kwa udongo na baridi ya Njoro haigeuki kuwa ya Chuka kwa kubadilishiwa jalada. Kisha zikaja kozi za kujilipia, zilizoanza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1998 na kuenea kwingine kama moto wa makapi, na tukaona kampasi zikifunguliwa ghorofani juu ya maduka. Seneti zilikuwepo wakati wote huo. Seneti ni kikao cha watu ambao kila mmoja ana kozi yake inayosubiri zamu, na ni vigumu kuikataa ya jirani leo ilhali yako iko kwenye ajenda ya mwezi ujao. Kwa hiyo sitetei kurudi nyuma. Tume ilihitajika. Ninachouliza ni tume, pamoja na ngazi zote zilizo chini yake, inaelekeza macho wapi.

Lifungue kabrasha la mtaala uone. Kuna falsafa ya chuo, dira na dhamira, kanuni za kujiunga, kanuni za mitihani, halafu majedwali. Kwenye majedwali kila yuniti ina saa zake, na hapo ndipo pana jambo la kutufanya tusimame tutazame kwa karibu. Katika hesabu inayotumika nchini, saa 1 ya mhadhara huchukuliwa kuwa sawa na saa 2 za majadiliano ya vikundi, au saa 3 za maabara, au saa 5 za kazi ya shambani au karakana. Ni hesabu ya busara. Aliyeitunga alijua kwamba mtu hujifunza polepole akiwa na jembe mkononi. Sasa chukua yuniti ya ufugaji ambayo jedwali lake linadai saa 15 zipatikane kwa kazi ya shamba. Zidisha kwa 5: mwanafunzi anatakiwa kuwa zizini au malishoni kwa saa 75 katika muhula mmoja. Mwanakamati wa kitivo atakagua kama 15 imeandikwa. Ofisi ya ubora itakagua kama 15 imejumlishwa. Seneti itaipitisha, na msomi aliyeombwa na tume ataona kwamba uwiano wa nadharia na vitendo unaridhisha. Halafu muhula unaanza, wanafunzi 60 wanamzunguka ng'ombe mmoja, walio mbele wanaona kiwele na walio nyuma wanaona migongo ya walio mbele, mvua inanyesha, basi la chuo halina dizeli, na zile saa 75 zinageuka kuwa alasiri tatu na ripoti ya kurasa 10. Kabrasha halitabadilika hata herufi moja. Miaka 5 baadaye litarudi kwenye meza zile zile, na jedwali litakuwa bado sawa.

Mtu atasema tume hutuma wakaguzi kuja kuona rasilimali. Ni kweli, na ni hatua nzuri. Lakini mkaguzi anayekuja kabla kozi haijaanza anahesabu viti, darubini na shahada za walimu. Anaona jiko, chakula hajakionja. Tena ugomvi mkubwa tulioshuhudia nchini kuhusu mitaala haukuwahi kuwa juu ya kilichofundishwa. Ulikuwa juu ya nani ashike komeo la mlango. Bodi ya kusajili wahandisi ilipokataa kuwasajili wahitimu wa uhandisi wa vyuo kadhaa vya umma, Egerton ikiwemo, kwa hoja kwamba kozi zao hazikuwa zimetambuliwa nayo, vijana walikwenda mahakamani, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2018 iliwapa haki wahitimu. Kabla ya hapo, mwaka 2016, Bunge lilikuwa limeirekebisha Sheria ya Vyuo Vikuu kuifanya tume kuwa chombo pekee cha kuthibitisha kozi, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikasisitiza hivyo hivyo. Bodi za taaluma zikabaki na silaha moja: leseni. Chuo kinaweza kukufundisha na tume ikaibariki kozi yako, lakini usajili wa kazi uko kwa bodi, na kila chuo kinalijua hilo.

Katika mvutano huo wote, swali lililokuwa la maana kwa mwenye daraja litakalojengwa, au kwa mkulima wa Kuresoi anayetaka mfereji usiobomoka, halikupata mtetezi. Huyu mhandisi anajua kukokotoa mtiririko wa maji ama hajui? Bodi ilisema haikushauriwa. Tume ilisema sheria iko upande wake. Vyuo vilisema seneti ilipitisha. Vijana, ambao hawakuandika mtaala, hawakuupitisha, wala hawakuujua ugomvi huo walipokuwa wakichagua kozi, ndio waliopoteza miaka yao. Na jirani zetu hawako mbali nasi. Nchini Uganda, Baraza la Kitaifa la Elimu ya Juu huweka wazi orodha ya kozi na muda wa ithibati ya kila moja. Mwaka 2023 kukawa na taharuki ilipogundulika kwamba kozi nyingi kwenye orodha hiyo, zikiwemo za Makerere, zimeandikwa kuwa muda wake umekwisha. Mihadhara ilikuwa ikiendelea kama kawaida. Saa ya ithibati ilikuwa imesimama, darasa halikujua, na baraza likajikuta linawaeleza watu kwamba shahada zao bado ni halali. Muda kwisha hakukusema chochote kuhusu mafundisho, wala muda kuwepo kusingesema.

Hebu nitoe mfano wa utaratibu ambao kwa maoni yangu umekaa sawa, na haupo mbali. Upo Njoro hiyo hiyo. Kituo cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Njoro kina mashamba ambamo ngano ya nchi nyingi duniani hupimwa kama inahimili ugonjwa wa kutu ya shina. Aina kali ya kutu hiyo iligunduliwa Uganda mwaka 1998, ikapewa jina Ug99, na baada ya kuonekana kwamba imevuka kuja Kenya, Njoro ikawa mahali ambapo maelfu ya aina za ngano huletwa kujaribiwa. Angalia wanavyofanya. Kandokando ya vitalu hupandwa kwa makusudi ngano dhaifu, isiyo na kinga, ili iugue na kuueneza ugonjwa kwa ile inayopimwa. Mtafiti hupita kitalu kwa kitalu akikadiria ni asilimia ngapi ya shina imefunikwa na vidonda vya rangi ya kutu. Hakuna anayeuliza kama mzalishaji wa mbegu aliandika malengo yake kwa vitenzi vinavyofaa. Mbegu itakayotaka kufika kwa mkulima itapita pia majaribio ya kitaifa yanayosimamiwa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, katika maeneo tofauti, kwa sababu kinachostawi Njoro huenda kikanyauka Narok.

Na muhimu kuliko yote ni kinachotokea mbegu ikishatoka. Aina ya ngano iitwayo Robin ilikubalika ikiwa na kinga dhidi ya kutu hiyo, na wakulima wa bonde la ufa wakaipenda. Mwaka 2014 kikatokea kizazi kipya cha kutu kilichoishinda kinga yake. Hilo lilijulikana kwa sababu kuna watu ambao kazi yao ni kwenda shambani, kukata majani na mashina yenye vidonda, na kuyapeleka maabara, miaka mingi baada ya mbegu kupewa kibali. Kibali hakikumaliza kazi. Kama Robin ingekuwa yuniti ya chuo kikuu, ingeendelea kufundishwa hadi mapitio yajayo, na kwenye mapitio hayo kamati ingependekeza kuongeza kitabu kimoja kwenye orodha ya rejea.

Najua pingamizi litakalonijia hapa, na ni zito. Mwanafunzi si ngano. Huwezi kumpanda pembeni mwa mgonjwa ili uone kama ataambukizwa. Huwezi kumfanya jaribio. Nakubali. Lakini mtaala usiofuatiliwa tayari ni jaribio. Tofauti ni kwamba matokeo yake hayaandikwi popote. Kijana anayelipiwa karo kwa kuuza viazi vya Molo anajaribiwa kwa miaka 4, na hakuna anayepita na daftari kuangalia madoa. Pingamizi la pili ni la gharama: kuwafuata wahitimu, kuwauliza waajiri, kusoma karatasi za mitihani, ni kazi ya fedha, na vyuo vyetu vya umma vinadaiwa huku na huku. Hilo nalo ni kweli, ila tuhesabu na gharama ya sasa. Vikao vinane vina posho, chai na karatasi. Tena macho mengine tumeshayalipia. Kila mwaka vyuo huwaalika watahini wa nje, wasomi wazoefu kutoka vyuo vingine, wakae siku kadhaa wakisoma majibu ya wanafunzi. Mtahini huyo ndiye mtu pekee wa nje katika mfumo mzima anayeona kwa macho yake kilichoingia kichwani na kilichoteleza. Ripoti yake kwa kawaida huishia kwenye bodi ya mitihani, ambako hutumika kupandisha na kushusha alama. Zikiambatishwa kwenye kabrasha la mapitio ya mtaala, ripoti za watahini wa nje za miaka 5 mfululizo zitasema mengi kuliko warsha ya wadau ya nusu siku.

Kuhusu hiyo warsha, niseme neno moja kisha nipite. Mkulima wa maziwa wa Bahati akiitwa ukumbini na kukabidhiwa kabrasha la kurasa mia na zaidi lililoandikwa kwa Kiingereza cha kamati, atasifu. Atafanya nini kingine? Wapo wasomi wanaochukua kimya chake kuwa dalili kwamba watu wa kawaida hawana la kuchangia katika mambo ya mtaala. Muulize swali lake: yule kijana wa mafunzo ya nyanjani aliyekuja kwako mwaka jana alijua kukamua, alijua kutambua ugonjwa wa kiwele, ulilazimika kumfundisha nini upya? Atazungumza hadi jua lizame, na yote atakayosema ni ushahidi.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vikaoni lakini ndilo linaloongoza vikao, nalo ni ugumu wa kuondoa. Kuongeza yuniti ni sherehe. Kuondoa yuniti ni msiba wa mtu, kwa sababu kila yuniti ina mwenyewe. Ukiifuta, kuna mhadhiri anayepungukiwa na mzigo wa kazi, na katika chuo chenye upungufu wa fedha mzigo mdogo ni hatari. Ndiyo maana mitaala yetu hunenepa. Badiliko linaloomba kupokelewa bila kumgusa mtu hupita haraka. Linalomgusa mtu hukutana na hoja ya vitenzi na ya vitabu vya rejea. Ngazi nane za ukaguzi wa karatasi huwa maficho mazuri hapo, maana unaweza kuliua pendekezo la mwenzako kwa kutaja kiolezo, bila kamwe kutaja sababu yako. Kama seneti ingedai kwamba kila yuniti mpya itaje yuniti itakayoondoka, na kwamba anayepoteza yuniti apewe nafasi na muda wa kuandaa nyingine, vita hivyo angalau vingepiganwa mchana.

Kwa hiyo ningependelea mizani igeuzwe. Badiliko dogo, la kubadilisha yuniti kwa yuniti ndani ya kozi iliyokwisha kupata ithibati, liamuliwe na idara na bodi ya kitivo mwaka huo huo, seneti na tume ziarifiwe, basi. Kozi mpya kabisa, na kozi zenye uhai wa watu mikononi, kama udaktari, uuguzi na uhandisi, zibaki na mlango mzito, tena tume na bodi za taaluma zikae meza moja kwa ukaguzi mmoja badala ya kumvuta mwanafunzi huku na kule. Halafu nguvu itakayookolewa mlangoni ipelekwe shambani: watu wachache, wasiotangazwa miezi mitatu kabla, waje katikati ya muhula wahesabu zile saa 75. Wengine watasema huko ni kuingilia uhuru wa kitaaluma, ambao Katiba yetu ya 2010 inaulinda katika kifungu cha 33. Mimi nasoma kinyume. Uhuru wa mwalimu unaumizwa zaidi na kiolezo kinachomwambia mapema jinsi ya kuandika sentensi ya lengo lake kuliko na mgeni anayekuja kuona kama kweli alifundisha alichoahidi mwenyewe. Na kwa anayehofia kwamba idara zikiachiwa mabadiliko madogo zitaleta vurugu, namkumbusha kwamba mhadhiri mzembe hahitaji idhini ya seneti kufundisha maandishi ya mwaka 1998. Anafanya hivyo sasa, chini ya mtaala uliopitishwa na kila ngazi.

Haya yote yangeweza kusubiri, isipokuwa kalenda haisubiri. Kundi la kwanza la mtaala mpya wa shule, ule wa umilisi, lilianza Gredi ya 10 mwezi Januari 2026, na litabisha hodi vyuo vikuu mwaka 2029. Watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 watafanya mtihani wa KCSE mwaka 2027. Ina maana kwamba karibu kila kozi ya shahada nchini, Njoro, Kabarak, Kabianga, Laikipia, itapaswa kupitiwa upya katika muda mmoja, na makabrasha yote yakimbilie tume moja. Tumewahi kupita njia hii. Mwaka 1990 wanafunzi wa kwanza wa 8-4-4 waliingia vyuo vikuu pamoja na wale wa mwisho wa kidato cha 6, na jibu kubwa la vyuo lilikuwa kuongeza muda: shahada nyingi za miaka 3 zikawa za miaka 4. Mwaka ule wa ziada ulikuwa wa kufidia kilichokosekana kidato cha 5 na cha 6. Safari hii hakuna mwaka wa kuongeza, wala wazazi hawana karo yake.

Katika makabrasha yote hayo kuna ukurasa unaosema kwamba mwombaji awe amepata wastani wa C+ katika KCSE. Mstari huo sina wasiwasi nao. Utaonekana na ngazi zote nane, na utasahihishwa siku moja. Ukurasa unaonitia shaka ni unaofuata, ule wa yuniti za mwaka wa 1, ulioandikwa kwa ajili ya kijana aliyesoma masomo 7 au 8 hadi kidato cha 4, kemia ikiwemo. Atakayeketi kwenye kiti hicho Septemba 2029 atakuwa amechagua mkondo wake kabla ya kuingia Gredi ya 10, sayansi na teknolojia, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo, na ndani ya mkondo huo masomo 3 ya kuchagua juu ya yale ya lazima. Huenda alichukua kilimo na biolojia bila kemia. Mhadhiri wa udongo pale Njoro atasimama mbele yake na kuandika ubaoni fomula ya chokaa, akichukulia kwamba kila aliye darasani anajua kuisoma, kwa sababu mtaala alioshika mkononi unasema hivyo, na una sahihi zote.